Ukishindwa kuingia LinkedIn: jua umekwama wapi kabla ya kubonyeza chochote

Mtu akikataliwa kuingia kwenye akaunti yake ya LinkedIn, kwa kawaida huandika nenosiri lilelile tena, kisha kwa kuanza na herufi kubwa, kisha la zamani, kisha la akaunti nyingine kabisa. Tatizo moja linakuwa mawili: bado hajaingia, na sasa mfumo unamshuku. Makosa mengi ya mfululizo huufanya mfumo uzuie majaribio kwa muda, na katika muda huo hata nenosiri sahihi linaweza kukataliwa. Ukikosea mara mbili au tatu, acha. Soma kwanza kilichoandikwa kwenye skrini, neno kwa neno.

Ukiona "Wrong email or password", zingatia kwamba vimetajwa vitu viwili. Wengi husoma cha pili tu na kuanza kuhangaika na nenosiri, kumbe anwani waliyoandika haijawahi kuwemo kwenye akaunti yao. Ukiombwa msimbo wa tarakimu sita, maana yake nenosiri limeshakubaliwa. Usilibadili, shida iko kwenye simu au kwenye barua pepe. Ukurasa ukikurudisha palepale pa kuingilia bila kusema lolote, mshuku kivinjari (browser). Ukiambiwa akaunti imezuiwa, au uthibitishe wewe ni nani, huo ni uamuzi wa LinkedIn wenyewe na nenosiri jipya halitasaidia kitu. Na ukurasa usipofunguka kabisa, angalia mtandao kabla ya akaunti: fungua tovuti nyingine, toka kwenye Wi-Fi ujaribu data ya simu. Ofisi nyingi hufunga mitandao ya kijamii, na kuna nchi zinazoifunga pia. Urusi iliifungia LinkedIn mwaka 2016 na mpaka leo wasafiri wanaofika huko hudhani akaunti zao zimeharibika.

Anwani kwanza, nenosiri baadaye

Akaunti moja ya LinkedIn inaweza kubeba anwani kadhaa za barua pepe pamoja na namba ya simu, na anwani yoyote iliyothibitishwa inaweza kutumika kuingilia kwa nenosiri lilelile. Hii ni habari njema, ila ndiyo pia inayochanganya watu. Andika mahali anwani zote ulizowahi kuwa nazo: ya binafsi, ya chuo, ya kazini, ile ya zamani uliyoiacha. Kisha fungua kila kikasha unachoweza kukifungua na utafute "linkedin.com" katika watumaji. Kikasha kinachopokea arifa za maombi ya kuunganishwa ndicho chenye akaunti. Angalia na mstari wa mpokeaji, kwa sababu barua huweza kuwa imepitishwa kutoka anwani nyingine. Chini kabisa ya barua halisi za LinkedIn huwa kuna mstari unaosema barua hiyo ilikusudiwa nani, pamoja na cheo ulichoandika kwenye wasifu. Ukiwa na akaunti mbili bila kujua, mstari huo ndio utakaokuonyesha ipi ni ipi.

Walioingia mara ya kwanza kwa kitufe cha Google, Apple au Microsoft wana shida yao. Huenda hawakuwahi kuweka nenosiri lolote, kwa hiyo kila watakaloandika ni kosa. Dawa ni kurudi kwenye kitufe kilekile, au kuomba kubadilisha nenosiri kwa anwani ile ya Google ili sasa upate nenosiri la kwanza. Kwa Apple kuna mtego zaidi: ukiwa ulichagua kuficha anwani yako, LinkedIn haijui barua pepe yako halisi hata kidogo. Inajua anwani ndefu iliyotungwa na Apple, inayoishia na @privaterelay.appleid.com. Ipate kwenye mipangilio ya iPhone chini ya jina lako, katika orodha ya programu zinazotumia "Sign in with Apple".

Uwe mwangalifu na vitufe hivi ukiwa na akaunti zaidi ya moja za Google kwenye simu. Ukichagua isiyo sahihi, unaweza kujikuta umefungua akaunti mpya kabisa ya LinkedIn badala ya kuingia kwenye ya zamani. Dalili yake ni rahisi: umeingia, lakini huna hata mtu mmoja uliyeunganishwa naye, na unaulizwa unafanya kazi gani. Usijaze. Anwani moja haiwezi kukaa kwenye akaunti mbili kwa wakati mmoja, hivyo ukiiacha kwenye hiyo tupu utashindwa kuiongeza kwenye ile ya kweli baadaye. Ifunge akaunti tupu kupitia mipangilio, halafu uendelee kuitafuta ya zamani.

Kama wewe mwenyewe ndiye uliyeifunga akaunti, muda ndio unaoamua. Iliyofungwa inaweza kurejeshwa ndani ya siku 14 kwa kuingia kama kawaida, ingawa mapendekezo ya watu na uanachama wa vikundi havirudi. Iliyolazwa tu kwa muda ("hibernate") huamka ukiingia, ila si kabla ya saa 24 kupita tangu uilaze.

Nenosiri

Kabla ya kulibadili, liandike kwa mkono huku limeonekana, kwa kubonyeza "Show". Simu hupenda kuweka herufi kubwa mwanzoni, na ukichagua anwani kutoka kwenye mapendekezo ya kibodi, mara nyingi nafasi tupu hubaki mwishoni bila kuonekana. Kivinjari nacho hujaza nenosiri la zamani kila ukurasa unapofunguka, hata baada ya wewe kulibadili kwenye kifaa kingine. Futa kilichojazwa, andika upya, na ukishaingia umwambie kivinjari kihifadhi jipya.

Kwa akaunti za siku nyingi kuna sababu nyingine. Mwaka 2012 manenosiri ya LinkedIn yaliibwa na kuvuja. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba wizi ule uligusa akaunti zaidi ya milioni 100, na LinkedIn ikayabatilisha manenosiri ya zamani ambayo yalikuwa hayajabadilishwa tangu wakati huo. Akaunti iliyolala tangu enzi hizo haitafunguka kwa nenosiri lake la kwanza, hata ulikumbuke vipi.

Kulibadili:

1. Kwenye ukurasa wa kuingilia bonyeza "Forgot password?".
2. Andika anwani uliyoihakikisha, si unayoidhani.
3. Usifunge ukurasa huo. Fungua barua pepe kwenye dirisha jingine au kifaa kingine, kwa sababu kwenye simu ukihama programu, ukurasa wa kuandikia msimbo wakati mwingine hupotea.
4. Andika msimbo uliotumwa, kisha nenosiri jipya ambalo hulitumii popote pengine.
5. Ukiulizwa kama vifaa vyote viingie upya kwa nenosiri hilo, kubali ikiwa una shaka yoyote kwamba kuna mtu mwingine ndani. Kama una kifaa ambacho bado kimo ndani na unakitegemea, fikiri kwanza.

Msimbo usipofika ndani ya dakika chache, tazama barua taka, kisha vichupo vya matangazo na vya mitandao ya kijamii kama unatumia Gmail. Kikasha kilichojaa hakipokei kitu. Barua pepe za ofisi huwa na vichujio vinavyozuia ujumbe kabla haujakufikia. Mwombe msimamizi wa mfumo aangalie kwenye zilizozuiliwa. Omba msimbo mpya mara moja tu, maana mpya hubatilisha uliotangulia. Mtu aliyebonyeza mara nne hupokea minne kwa mkupuo, akajaribu wa juu, wa chini, wa katikati, yote ikakataliwa. Unaofanya kazi ni wa mwisho kwa saa. Isipofika barua yoyote kabisa, na kikasha kinapokea nyingine vizuri, basi mara nyingi anwani hiyo siyo iliyomo kwenye akaunti. Rudi kwenye orodha yako.

Msimbo wa hatua ya pili

Kwa waliowasha uthibitishaji wa hatua mbili, msimbo huja kwa meseji au hutolewa na programu ya kuthibitisha (authenticator) iliyomo kwenye simu. Meseji zisipofika, angalia kama simu inazuia watumaji wasiojulikana, kama laini ina mtandao, na kama uko nje ya nchi bila huduma ya kupokea meseji huko. Laini ikipotea, kuirudisha kwa namba ileile kunatosha. Msimbo unafuata namba, haufuati kifaa. Namba uliyoiacha muda mrefu ni jambo jingine, kwani kampuni za simu huzigawa upya, na misimbo yako inaweza kuwa inalia kwenye simu ya mtu usiyemjua.

Programu ya kuthibitisha haihitaji intaneti. Inakokotoa tarakimu sita kutokana na siri iliyohifadhiwa na saa ya simu, na kila sekunde 30 hutoa nyingine. Kwa hiyo saa ya simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika mbili, kila msimbo utakataliwa ingawa hujakosea kitu. Washa tarehe na saa za kujirekebisha zenyewe kwenye mipangilio, subiri msimbo mpya uanze, ndipo uandike. Ulio na sekunde tatu zilizobaki uache upite.

Shida kubwa huja na simu mpya. Picha na majina huhamia, lakini siri za programu ya kuthibitisha huweza kubaki kwenye simu ya zamani. Kama bado unayo, iwashe hata kama kioo kimepasuka. Google Authenticator huweza kuhifadhi siri hizo kwenye akaunti ya Google tangu mwaka 2023, basi ingia humo uone. Ukiwa ulihifadhi misimbo ya akiba wakati wa kuwasha huduma hii, kila mmoja hutumika mara moja tu. Waliokosa vyote hivyo wanaangukia kwenye uthibitisho wa kitambulisho, unaoelezwa chini.

Kivinjari na programu ya simu

Fungua dirisha fiche (incognito) la kivinjari na ujaribu hapo. Ukiingia, tatizo ni vidakuzi (cookies) vya zamani au kiendelezi (extension) ulichosakinisha kwenye kivinjari. Futa vidakuzi vya linkedin.com peke yake. Hakuna haja ya kufuta vya tovuti zote na kujitoa kila mahali. Hakikisha pia kivinjari hakijazuiwa kupokea vidakuzi, kwani LinkedIn hukukumbuka kwa kidakuzi, na kisipohifadhiwa kila ukurasa hukuona kama mgeni. Ndiyo maana ya ule mzunguko wa kuingia na kurudishwa.

Fumbo la kuthibitisha kwamba wewe si roboti likikosa kuonekana, au likijirudia bila kikomo, zima vizuia matangazo na VPN, yaani huduma ya kuficha ulipo mtandaoni. Anwani za VPN hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, wakiwemo wanaoendesha roboti, hivyo mfumo huzitazama kwa jicho baya. Kivinjari kikilalamika kuhusu cheti cha usalama, angalia saa ya kifaa kabla ya kitu kingine.

Kuna kosa moja linalosumbua sana wanaofungua viungo kutoka ndani ya programu za kuchati. Kiungo hufunguka kwenye kivinjari kidogo kilichomo ndani ya programu hiyo, na Google hukataa watu kuingia kwa akaunti yake humo. Utaona neno "disallowed_useragent". Nakili kiungo, kifungue kwenye Chrome au Safari.

Kwenye Android, nenda kwenye mipangilio ya programu, chagua LinkedIn, kisha hifadhi (storage), na ufute akiba (cache). Ikishindikana ndipo ufute data. Kwenye iPhone hakuna kitufe hicho. Unaifuta programu na kuisakinisha tena. Lakini usifute chochote kwenye kifaa ambacho bado kimeingia! Kifaa hicho huenda ndicho njia yako pekee, hasa kama uko kwenye hali ifuatayo.

Barua pepe yenyewe ikiwa haipo tena

Akaunti nyingi zinazopotea moja kwa moja hupotea hapa. Mtu alijiandikisha kwa anwani ya kazini, akaacha kazi, anwani ikafungwa jioni ileile. Au ya chuo, iliyozimwa baada ya kuhitimu. Nenosiri analijua, ila siku moja LinkedIn inaomba athibitishe kwa msimbo uliotumwa kwenye kikasha kisichokuwepo.

Anza kwa kutafuta kifaa chochote ambacho bado kimo ndani: simu ya zamani, kompyuta ya nyumbani, tableti ya mtoto. Ukikipata, usitoke kwenye akaunti. Nenda "Settings & Privacy", kisha "Sign in & security", kisha "Email addresses", uongeze anwani ya binafsi na kuithibitisha, halafu uifanye kuwa ya msingi. Huenda ukaombwa nenosiri. Ukiomba libadilishwe kabla ya kuongeza anwani, msimbo utakwenda kwenye kikasha kilekile kilichokufa, kwa hiyo ongeza kwanza.

Kifaa kikikosekana, jaribu namba ya simu mahali pa kuandika anwani, kama uliwahi kuiongeza na kuithibitisha. Kisha rudi kwa mwenye kikasha. Mwajiri wa zamani anaweza kuifungua anwani kwa dakika chache au kukupitishia ujumbe mmoja, na wengi hukubali ukiwaambia wazi kwamba unahitaji msimbo tu, si barua za ofisi. Vyuo vingi vina utaratibu kwa wahitimu. Kama anwani ilikuwa kwenye kikoa (domain) chako mwenyewe ulichoacha kukilipia, kilipie upya haraka ikiwa bado hakijachukuliwa, kwa sababu atakayekinunua ataweza kupokea misimbo yako.

Yote hayo yakishindikana, njia iliyobaki ni kuthibitisha utambulisho. Kituo cha msaada kilichopo linkedin.com/help hufunguka bila kuingia. Tafuta sehemu ya kupoteza barua pepe na ufuate fomu. Andaa kitambulisho kilichotolewa na serikali, kama pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, pamoja na kiungo cha wasifu wako. Utahitaji pia anwani mpya ambayo haimo kwenye akaunti yoyote ya LinkedIn. Kinachokwamisha maombi mengi ni jina. Wasifu ukiwa na jina la utani au jina la ndoa ambalo halimo kwenye kitambulisho, eleza tofauti hiyo kwenye maombi na uambatanishe ushahidi ukiombwa. Piga picha mahali penye mwanga, pembe zote nne zionekane, bila mng'ao wa taa juu ya jina. Tuma ombi moja na usubiri jibu. Maombi matano kuhusu akaunti moja hayaharakishi kitu.

Akaunti iliyozuiwa

Kizuizi hutokana na matendo, si kusahau. Sababu zinazojulikana ni viendelezi vinavyotuma maombi ya kuunganishwa au kukusanya wasifu za watu vyenyewe, jina lisilo la mtu halisi, mialiko mingi kwa watu wasiokujua, na kuonekana umeingia kutoka sehemu mbili za mbali kwa muda mfupi. Fuata maelekezo ya skrini, toa kitambulisho ukitakiwa, na kabla ya kurudi ondoa viendelezi hivyo, la sivyo kizuizi kitarudi. Usifungue akaunti nyingine ya kupitia pembeni. Masharti yanaruhusu moja kwa mtu, na ya pili inaweza kuiponza ya kwanza.

Ukihisi imeibwa, yaani umepata barua kwamba anwani au nenosiri limebadilishwa na si wewe, anza na barua pepe, si LinkedIn. Badilisha nenosiri la barua pepe, na uangalie kama kuna kanuni ya kupitisha ujumbe wako kwenda kwa mtu mwingine. Wezi hupenda kuiacha hapo. Kisha badilisha nenosiri la LinkedIn, na ukishindwa, toa taarifa ya akaunti iliyodukuliwa kupitia kituo cha msaada. Wajulishe watu wako kwa njia nyingine, maana mwizi huanza kwa kuwaomba pesa au kuwatumia viungo.

Nao matapeli wanajua unapohangaika. LinkedIn haina namba ya simu ya huduma kwa wateja, hivyo kila namba unayoikuta ikidai kuwa yao ni ya uongo, na anayekuuzia "kurejesha akaunti" atakuomba msimbo uleule unaopaswa kuujua wewe peke yako. Kwenye viungo, soma kilicho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Kinapaswa kuwa linkedin.com yenyewe, au kuishia na .linkedin.com, nukta ikiwemo. Anwani kama linkedin.com.thibitisha.net ni ya thibitisha.net, si ya LinkedIn.

Ukishaingia

Kabla ya kusoma jumbe zilizorundikana, nenda "Sign in & security". Weka angalau anwani mbili, ya msingi ikiwa ya binafsi. Ya kazini ibaki ya pili. Thibitisha namba ya simu unayoitumia sasa na uondoe ya zamani. Fungua "Where you're signed in", uondoe vifaa usivyovitambua. Washa hatua mbili kwa programu ya kuthibitisha badala ya meseji kama unabadili laini mara kwa mara, na misimbo ya akiba iandike kwenye karatasi. Ikihifadhiwa ndani ya simu, itapotea pamoja na simu.